Mforsadi wa Nyuma ya Hamamu

Mama mkwe wangu Anorbuvi alikuwa akilalia mayai. Cheka ukitaka, lakini ndiyo kazi iliyonunua unga wetu wa majira ya baridi.

Zamani hizo za makhan wa Kokand, kila mlango wa mtaa wetu wa Mferejini, hapa Margilan, ulikula kwa uzi. Hoshim alichemsha vifukofuko vya hariri na kuvuta nyuzi, mikono imebabuka hata haisikii tena moto. Walikuwako wafunga mafundo ya nakshi kwenye nyuzi, watia rangi ya nili, hao Wayahudi wenye vidole vya buluu visivyotakata hata Sabato, na mume wangu Ermat, mfumaji, aliyeshinda miguu shimoni chini ya kitanda chake cha kufumia. Lakini wote hao ukiwafuata nyuma, kama mtu anayefuata uzi kwenye giza la ghala, utawakuta wameanzia mahali pamoja: kifuani mwa mwanamke.

Mayai ya kiwavi wa hariri ni kama punje za khashakhashi, madogo kuliko ufuta. Hayaanguliki bila joto, na joto lenyewe lisiwe la jiko, liwe la mtu. Unayatia kwenye kijimfuko cha pamba, unakining'iniza shingoni, kinalala chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, mpaka mforsadi, mti wa chakula chao, utoe majani. Sasa, si kila mwanamke anafaa. Mmoja ana damu baridi. Mwingine ananyonyesha, maziwa yanamlowesha. Mwingine ana hasira, na hasira, kila mtu anajua, huchemsha mayai. Anorbuvi yeye alikuwa na mwili mnene mweupe, wa joto la kadiri, kama mkate uliotoka tanurini kitambo kidogo. Basi wenzake walimletea mayai yao, naye aliyachanganya na ya kwake. Siku ya kuvuna kila mmoja alimmwagia pajani vifukofuko vyake kadiri ya moyo wake.

Alipokuwa amebeba mayai hakuinua ndoo, hakwenda msibani, hakukaa karibu na moto. Alilala chali kama sultani. Mimi Risolat, mkaza mwana mpya, ndiye niliyeteka maji, nikafagia, nikaoka mikate, naye akanielekeza kwa kidole kutoka chini ya mfarishi wake mnene wa pamba.

"Mwanangu, umesahau pembe ile."

"Nimeifagia, mama."

"Basi vumbi linakupenda, limerudi."

Nilimpenda mapema, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alipokosea alicheka yeye kwanza.

Kwa mtu mmoja tu kicheko kilimkauka. Ng'ambo ya mfereji aliishi Zulayho, mke wa Sotvoldi, mchochea tanuri la hamamu. Sotvoldi alichoma miiba na samadi kavu ili watu waoge maji ya moto. Zulayho alizoa majivu, akayachekecha, akawauzia watu wa hariri, kwa sababu hariri isiyochemshwa kwa maji ya majivu ni ngumu kama mkia wa ng'ombe. Alikuwa na binti, Karomat. Miaka mingi mtaa mzima ulijua kwamba Karomat ni wa Ermat. Mkate wa posa ulikuwa haujavunjwa, lakini midomo ilikuwa imekwisha sema. Halafu Anorbuvi akaenda harusini mtaa wa pili, akaniona mimi ninagawa chai, akarudi nyumbani na maneno mengine.

Tangu siku hiyo Zulayho alimwita Anorbuvi kuku. Anorbuvi naye alimwita Zulayho paka wa jikoni, kwa ajili ya majivu yaliyokuwa hayamtoki nyusini.

Mwaka ninaousimulia, Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilikuja na joto. Matumba ya mforsadi yalivimba yakawa kama midomo ya shomoro, na Anorbuvi akavaa mayai. Mwaka huo alibeba karibu ya mtaa mzima: ya Mastura aliyekuwa na mtoto mchanga, ya bibi kipofu Oyimcha, ya mke wa Hoshim, na mengine. Kijimfuko kilikuwa kizito kama kwale.

Kisha ikaja siku ya kupika sumalaki. Ni uji wa ngano iliyooteshwa, mtamu bila sukari, na hauandaliwi na nyumba moja: kila mlango unaleta ngano yake, sufuria moja kubwa, moto mmoja, na vijiwe vilivyooshwa vinatupwa ndani ili uji usishike chini. Kuukoroga ni heshima. Hukorogwa bila kuachwa, na anayeshika mwiko anaomba dua yake ya mwaka.

"Dada Anorbuvi, kaa kule," Mastura alimwambia. "Moto huu si wako."

"Nakaa. Kwani nimekuja kufanya nini? Natazama tu."

Zulayho akauchukua mwiko. "Mwacheni atazame. Kuku akiatamia hapiki."

Wanawake wakacheka. Hata mimi tabasamu lilinitoka kidogo, Mungu anisamehe. Anorbuvi akasimama.

"Lete mwiko."

"Nikupe wewe? Utatagia humu."

"Lete mwiko nakwambia! Mwaka jana ulikoroga wewe, ukaunguza, ukatulisha majivu ya bure. Na majivu huwa huyatoi bure!"

Akaunyakua. Alikoroga tangu adhuhuri, vijiwe vinagongana chini kama meno ya mzee, mvuke unampanda usoni, moto unamchoma magoti. Kila Zulayho aliponyosha mkono kumpokea, yeye aligeuza bega. Uso ulimwiva kama kiazi chekundu, jasho likamtiririka shingoni, likaingia pale kijimfuko kilipokuwa. Nikamvuta mkono wa nguo.

"Mama, mayai."

"Mayai nayajua mimi. Huyu hatashika mwiko huu mbele ya macho yangu."

Jua lilizama mwiko ungali mkononi mwake. Uji, sitadanganya, ulikuwa mtamu.

Usiku ule upepo ukageuka. Ulishuka kutoka milimani ukiwa na theluji mdomoni, na asubuhi matumba yote ya mji yalikuwa yamejifumba kama ngumi za mtoto aliyelala. Wazee wakasema baridi hii itakaa. Ikakaa. Anorbuvi alivuta mfarishi mpaka kidevuni, akasema hakuna neno, mayai yatangoja majani.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Anorbuvi akainua bakuli lake, akaliacha hewani.

"Risolat. Njoo hapa. Kuna kitu kinatembea."

Tukafungua kijimfuko juu ya kitambaa cheupe. Mayai yalikuwa yamegeuka kijivu, na katikati yao walikuwa wanatambaa viwavi wadogo weusi, wenye manyoya, kama sisimizi walioamka vibaya. Si wawili watatu. Kitambaa kilikuwa kinachemka.

Anorbuvi hakulia. Alimrudisha kitambaani mmoja aliyekuwa anatoroka.

"Ni mwiko ule," alisema mwishowe.

Kiwavi aliyeanguliwa anataka jani siku ileile, na jani lenyewe ni la mforsadi tu. Mlo mwingine haujui. Ermat alipanda mti wetu akavunja matawi, tukayatia kwenye maji ya uvuguvugu tukiyabembeleza yafunguke. Hayakufunguka. Nikachukua machipukizi ya ngano yaliyobaki tulipopika sumalaki, laini kama unyoya wa kifaranga, nikayakatakata. Viwavi wakayagusa wakageuza vichwa, kila mmoja kwa dharau yake. Anorbuvi akawarudisha kifuani wasipigwe na baridi, akakaa hivyo ameshika kifua kwa mikono miwili.

Ermat akajikuna kisogo. "Mama. Upo mforsadi uliotoa majani."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya hamamu. Umeegemea ukuta wa tanuri. Wenyewe haujui kama kuna baridi."

"Wa nani?"

"Unajua wa nani."

"Bora nile shoka," akasema Anorbuvi.

Akatazama ukuta. Kisha akatazama chini, kifuani pake. "Humu mna unga wa Mastura," alisema, kama anayeongea na mtu mwingine. "Oyimcha haoni, hana mwana, ana mayai haya tu. Risolat, lete paranji yangu."

Tulivuka daraja la mfereji, yeye mbele, paranji imemfunika kichwa hadi miguu, utaji wa singa za farasi umeshuka usoni, mikono ndani, anatembea kama aliyebeba maziwa yaliyojaa. Mimi nilikuwa nyuma na mikate miwili kwenye kitambaa. Ningeingiaje nyumba ile mimi, niliyekaa kwenye mkeka wa binti yao?

"Nani huyo?" Zulayho aliuliza kutoka ndani ya ua.

"Mimi."

"Mimi ni jina la watu wengi."

"Anorbuvi."

"Lo! Kuku katoka kiotani! Karomat, tia chai, leo jua limechomoza magharibi."

Alikuwa amechuchumaa na chekecheke lake, mweupe wa majivu mpaka kope. Anorbuvi akainua utaji. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, na nilimsikia akiyapanga, hayakutoka hata moja. Akafungua tu shingo ya nguo, akatoa kijimfuko, akakifunua kidogo.

Zulayho akasogea kuchungulia. Kicheko kikamkauka mdomoni. Aliweka chekecheke chini, akaenda kwenye birika, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi akitazama tena.

"Wa nani hawa?"

"Wa mtaa."

"Na wako?"

"Na wangu."

Zulayho akanigeukia mimi. "Na huyu ndiye uliyemchagua. Mwembamba."

"Atanenepa."

"Anapika?"

"Pilau anaunguza kidogo."

"Karomat wangu haunguzi."

"Najua," akasema Anorbuvi.

Alisema neno hilo moja tu, lakini alilisema macho yako chini, na mimi niliyekaa naye nilijua lilivyomgharimu. Nadhani Zulayho naye alijua. Alivuta kamasi, akajifuta kwa kiganja.

"Majani sikupi," akasema.

Tukamkodolea macho.

"Sikupi uende nayo! Mbona mmenitolea macho? Majani haya yamelelewa na moto kama mtoto wa khan. Ukiyatoa kwenye baridi hii, kabla hujavuka mfereji yamesinyaa. Na nyumba yako ni baridi, naijua, nimekaa humo kabla watu fulani hawajaja. Wadudu watalala hapa, chumba cha ukutani. Na mwenye wadudu atalala na wadudu wake."

"Mimi nilale kwako?"

"Basi wapeleke kwa khan."

Ndivyo Anorbuvi alivyohamia nyumba ya paka wa jikoni.

Chumba kile kiligawana ukuta na tanuri la hamamu; ukiuegemea unasikia joto la mwili wa mtu. Tuliwaondoa viwavi kitambaani kwa unyoya wa kuku, tukawaweka kwenye sinia za matete. Zulayho akaziba nyufa zote kwa vipande vya blanketi vilivyoloweshwa ili moshi usipenye, maana viwavi hawapatani na moshi, wala vitunguu saumu, wala marashi. Na zaidi ya yote hawapatani na kelele. Kiwavi akigombezwa huacha kula. Kwa hiyo chumbani huongei ila kwa kunong'ona.

Sasa fikiria wanawake wawili wenye kisasi cha mwaka mzima, wamefungiwa chumba kimoja, na hakuna ruhusa ya kupaza sauti. Waligombana kwa kunong'ona. Asubuhi, mchana, magoti yanagusana juu ya sinia.

"Unawarundikia majani kama unalisha punda," ananong'ona Anorbuvi.

"Mti ni wa nani?" ananong'ona Zulayho.

"Wadudu ni wa nani?"

"Wangekuwa maiti hawa bila mti wangu."

"Punguza sauti, unawaua."

"Wewe uliwakaanga kwanza!"

"Punguza sauti!"

Sotvoldi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita juu ya moto. Siku ya kwanza alifungua mlango akanguruma, "Chakula kiko wapi?" na wanawake wawili wakamrukia kwa pamoja, vidole midomoni, macho kama mapanga. Tangu hapo mzee yule mkubwa mweusi wa masizi alitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake, akiomba mkate kwa kuonyesha tumbo. Samadi waliikataza kwa ajili ya moshi, akawa anachoma miiba mitupu, anaamka mara kwa mara kuitia ili ukuta usipoe wala usizidi. Waogaji walisema hamamu haijawahi kuwa na joto zuri namna ile. Yeye alisema mgongo wake haujawahi kuwa vibaya namna ile.

Mimi na Karomat tulikata majani. Kiwavi mchanga hawezi jani zima. Unakunja majani kama tumbaku unayakata membamba kama nyuzi. Siku nzima tulikaa bila kutazamana. Mwishowe nikanong'ona:

"Dada Karomat, kama una kinyongo, sema."

"Kinyongo cha nini?"

"Cha Ermat."

Akaweka kisu chini, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Ermat?" alinong'ona alipoweza. "Anakoroma! Tangu tukiwa watoto. Kiangazi wakilala juu ya paa, tunamsikia sisi huku ng'ambo. Nilipoambiwa amepata mwingine nilikula sahani mbili za pilau."

Tulicheka bila sauti mpaka machozi, na Anorbuvi akatutupia kokwa la tunda kavu la mishmishi.

Lakini mti ulikuwa mmoja, na vinywa maelfu. Kila asubuhi Zulayho aliupanda mwenyewe, hakumruhusu mtu. Majani ya chini yakaisha, kisha ya kati. Nikamwona Anorbuvi amesimama uani anautazama mti ule, vitumba vya matunda vimeng'oka pamoja na majani. Matunda yale ndiyo Zulayho huyakausha juani, akayasaga kuwa unga wa kuchanganya na mkate wakati wa baridi.

"Mwaka huu hutakausha tunda," Anorbuvi alimwambia. Walikuwa nje, lakini alinong'ona kwa mazoea.

"Kwani sina macho?"

"Ungeniambia."

"Nikwambie ili iweje? Uwaambie wadudu wafunge saumu? Shika kikapu."

Na akapanda hadi juu kabisa, mwanamke wa umri ule, amefunga nguo kiunoni, akachuma yaliyobaki jani kwa jani. Aliposhuka mti ulikuwa fagio. Ng'ambo ya ukuta, miti yote ya mji ilikuwa bado imefumba ngumi.

Majani yale tuliyalisha kwa ubahili, na yakaisha. Sote tukakaa tukitazama sinia. Anorbuvi alikuwa ameshika tasbihi lakini vidole havisogei. Viwavi walitafuna vipande vya mwisho, wakaacha. Mmoja akainua kichwa akabaki hivyo, kama mtu anayeswali. Kisha mwingine. Kisha sinia nzima.

"Wanakufa," nikanong'ona.

"Kimya," akasema Anorbuvi, naye alikuwa ameinama mpaka pua inagusa matete. "Hawafi. Wamelala."

Ulikuwa usingizi wao wa kwanza, ule wanaolala ili wabadili ngozi, ambao hawali ndani yake hata kidogo. Nikamwona Zulayho akiegemeza paji la uso begani mwa Anorbuvi. Mara moja tu, halafu akajifanya anafunga kiatu.

Walipokuwa wamelala upepo ulikwisha. Jua likatoka, jua la kweli, la kuyeyusha vipande vya barafu mferejini, na viwavi walipoamka wakiwa weupe na wenye njaa, Ermat alikuwa mlangoni na tawi lenye majani madogo kama masikio ya panya.

Wanawake wa mtaa walikuja na sinia zao kuchukua mifugo. Waliokufa walikuwako, wa nani hakuna aliyejua, maana wote walikuwa wamelelewa pamoja. Basi kila mmoja alipata pungufu kidogo, na bibi Oyimcha aliinamisha sikio juu ya sinia yake akasema anawasikia wanakula, kama mvua juu ya paa. Mastura alilia, mtoto wake naye akalia, tukawatoa nje wote wawili.

Sinia moja ilibaki, iliyojaa kuliko zote.

"Hiyo ya nani?" Zulayho alinong'ona.

"Yako," akasema Anorbuvi.

"Mimi nauza majivu. Sifugi wadudu."

"Utafuga."

"Kwa majani gani? Mti wangu ni vijiti."

"Majani yatatoka kwangu na kwa mtaa. Hata ukiwa na sinia mia."

"Sitaki sadaka ya kuku."

Akaichukua sinia, akavuka daraja, akaiweka mlangoni petu, akarudi. Anorbuvi akaivusha tena. Zulayho akairudisha. Mara ya tatu Anorbuvi alimkabidhi Karomat sinia, akamwambia aiingize ndani na afunge mlango, kisha wakabaki wao wawili juu ya daraja, na mara wote wawili wakatambua kwamba hapo hapana kiwavi wa kumsumbua.

Ee Mungu wangu! Kila walichokuwa wamekinong'ona tangu walipofungiwa chumbani kilitoka kwa mkupuo.

"Mbishi we! Mtu anapewa haki yake anaitupa!"

"Haki yangu? Uliniambia nalisha punda!"

"Na ulikuwa unalisha punda! Lakini ulilisha!"

"Nusu! Nitachukua nusu, si punje zaidi!"

"Utachukua yote, au nahamia kwako tena!"

Hoshim alitoka na mikono inafuka mvuke. Watia rangi walitoka na vidole vya buluu, wakauliza nani kafariki. Sotvoldi alisimama mlangoni pa tanuri, akapanua kifua, na kwa mara ya kwanza tangu Nairuzi akanguruma kwa sauti yake yote: "Chakula kiko wapi?"

Zulayho aliichukua sinia yote. Jioni ile Ermat alimpelekea mzigo wa kwanza wa majani, naye akampokea mlangoni, akaligeuza jani moja huku na huku, akamwambia haya ni ya chini ya mti, magumu, mama yako anadhani mimi sijui kufuga? Arudi akachume ya juu.